Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchambua sera ya umma kwa nadharia za kitaasisi

Rasimu nyingi za uchambuzi wa sera nilizowahi kusoma zina ugonjwa mmoja. Sura ya pili inazipanga nadharia za kitaasisi vizuri, pamoja na majina ya wataalamu na miaka yao. Sura ya nne inaisimulia sera yenyewe. Kati ya sura hizo mbili hakuna daraja: ukiifuta sura ya pili yote, sura ya nne haipungukiwi hata sentensi moja. Nadharia imepachikwa tu, haikufanya kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka ifanye kazi, awe mwanafunzi wa utawala, ofisa mipango, au mwandishi wa habari anayejiuliza kwa nini sera nzuri imekwama. Nitakwenda hatua kwa hatua, na nitakaa zaidi pale ambapo watu wengi hujikwaa.

Hatua ya kwanza: tenganisha taasisi na shirika

Tatizo linaanzia kwenye neno. Katika Kiswahili cha kila siku, taasisi ni kitu chenye jengo, kibao mlangoni na mkurugenzi. Kwa hiyo mtu akisikia "nadharia za kitaasisi" anaanza kuorodhesha wizara, mamlaka na tume, halafu anaeleza kila moja ina majukumu gani. Anaishia kuandika muundo wa serikali.

Katika nadharia hizi neno lina maana nyingine. Taasisi ni kanuni, taratibu na mazoea yanayowaonyesha watu kipi kinatakiwa, kipi kinaruhusiwa na kipi ni mwiko. Mwanauchumi Douglass North, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993, alilieleza kwa mfano wa mchezo: taasisi ni kanuni za mchezo, mashirika ni wachezaji. Timu inaweza kuvunjwa kesho na mchezo ukabaki vilevile. Ndiyo maana serikali inaweza kuifuta mamlaka moja, ikaunda nyingine yenye jina jipya na nembo mpya, na wananchi wasione tofauti yoyote dirishani.

Jipime hivi. Kila unachokiita taasisi, jaribu kukigeuza kuwa sentensi inayosema nani anapaswa, anaruhusiwa au anakatazwa kufanya nini. "Wizara ya afya" haigeuki. "Waziri hawezi kupandisha ada bila idhini ya bunge" imekaa sawa. Kisichogeuka kiweke kwenye orodha ya wachezaji.

Hatua ya pili: tafuta jambo linalohitaji kuelezwa

"Nafasi ya taasisi katika sera ya elimu" si swali, ni kichwa cha habari. Huwezi kulikosea, na kwa hiyo huwezi kulijibu. Swali zuri la kitaasisi lina mgongano ndani yake: mambo mawili ambayo kwa kawaida yangekuwa sawa lakini hayako sawa, au jambo ambalo lilipaswa kutokea likakataa kutokea.

Migongano hiyo hupatikana sehemu tatu. Kwanza, nchi au wilaya mbili zinazofanana zimepata matokeo tofauti. Pili, sera ileile mahali palepale imebadilika ghafla, au imegoma kubadilika kwa miaka mingi ingawa kila mtu anailalamikia. Tatu, sheria inasema hivi na watu wanafanya vile. Mgongano wa tatu ndio rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa sababu data zake ziko karibu. Huhitaji kusafiri nchi mbili.

Hatua ya tatu: andika kanuni mbili, ya kwenye karatasi na inayotumika

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mtu akikosea hapa, nadharia yoyote atakayoileta baadaye itachambua kitu ambacho hakipo.

Niliwahi kupitia mafaili ya manunuzi ya ofisi moja. Kanuni ilitaka kila ununuzi unaofikia kiasi fulani uwe na ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji watatu, yaani proforma, kama wengi tunavyoziita. Mafaili yalikuwa safi. Kila moja lilikuwa na proforma tatu zimebanwa pamoja, na bei ya chini imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Nilipozisoma mstari kwa mstari nikaona neno "bahasha" limeandikwa "bahahsa" kwenye zote tatu, chini ya nembo tatu tofauti. Muuzaji mmoja alikuwa akileta karatasi zote. Mhasibu alijua. Mkaguzi naye alijua, lakini orodha yake ya ukaguzi ilimtaka ahesabu karatasi. Haikumtaka awapigie simu wale wauzaji wengine wawili.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alisisitiza katika utafiti wake tofauti hii kati ya kanuni zilizoandikwa na kanuni zinazotumika. Mwaka 1995 yeye na Sue Crawford walipendekeza kitu wanachokiita sarufi ya taasisi, na sijaona chombo kingine kinachomsaidia mchambuzi haraka kama hiki. Kanuni huvunjwa vipande vitano: nani inamhusu; je, ni lazima, ruhusa au marufuku; tendo lenyewe; lini na wapi; na la sivyo kitatokea nini.

Tuivunje ile ya proforma. Kwenye karatasi: ofisa ununuzi, lazima, apate bei za wauzaji watatu, kabla ya kununua, la sivyo malipo hayapiti. Inayotumika: ofisa ununuzi, lazima, awe na karatasi tatu ndani ya faili, kabla ya ukaguzi, la sivyo malipo hayapiti. Tazama kilichobadilika. Adhabu ni ileile, mtu ni yuleyule. Tendo na wakati ndivyo vilivyohama. Ukishaona hivyo, hutapendekeza tena "elimu kwa watumishi" au "adhabu kali zaidi", kwa sababu adhabu ipo na inafanya kazi vizuri kabisa. Inalinda tendo tofauti na lile lililokusudiwa.

Kipande cha tano ndicho kinachofichua zaidi. Kama kanuni haina "la sivyo", au inayo lakini hakuna anayekumbuka mtu aliyewahi kuadhibiwa, basi ulicho nacho ni desturi au nia njema. Inaweza kuwa na nguvu, lakini nguvu zake zinatoka kwingine, na ni wajibu wako kuonyesha zinatoka wapi.

Utaipataje kanuni inayotumika? Usimuulize mtumishi "utaratibu unasemaje?" Atakusomea waraka. Muulize: "Mara ya mwisho ulipofanya jambo hili, ulianza na nini, ukaenda kwa nani?" Kisha: "Mgeni akianza kazi hapa leo, mnamfundisha nini ambacho hakijaandikwa?" Na mwisho: "Ni nani amewahi kuingia matatani kwa kutofuata hili?" Majibu ya maswali hayo matatu yana thamani kuliko kurasa hamsini za miongozo. Na aliyekujibu mfiche. Usiandike jina lake, cheo chake wala tarehe itakayomtambulisha, kwa sababu amekueleza kitu kinachoweza kumgharimu kazi.

Usidhani pia kwamba kisichoandikwa ni dhaifu. Ostrom aliandika kuhusu wakulima wa umwagiliaji wa Valencia, Hispania. Mahakama yao ya maji hukaa kila Alhamisi saa sita mchana mbele ya lango la Mitume la kanisa kuu la mji huo. Majaji ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, na mashauri huendeshwa kwa mdomo, mbele ya watu. Utaratibu huo umedumu kwa karne nyingi, na mwaka 2009 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtafiti anayetafuta taasisi kwenye makabrasha pekee angepita hapo asione kitu.

Ukimaliza kanuni kuu, izungushie maswali haya, ambayo yanatokana na aina saba za kanuni alizozitambua Ostrom: nani anaruhusiwa kuingia na kutoka katika jambo hili, kuna nafasi gani, aliye kwenye kila nafasi anaweza kufanya nini, uamuzi unafikiwaje (kwa kura, kwa mkubwa mmoja au kwa maafikiano), nani anapata taarifa gani, nani analipwa na nani anagharamika, na matokeo gani yako nje ya mipaka. Si lazima yote saba yawe na majibu mazito. Mawili au matatu yatakuwa moto, mengine utayapita.

Hatua ya nne: chagua miwani kulingana na swali

Kwa muda mrefu kuchunguza taasisi kulikuwa kueleza katiba na vyombo vya dola. Katikati ya karne ya 20 watafiti wengi waliacha hilo wakahamia kwenye tabia ya mtu mmoja mmoja: anapigaje kura, anapendelea nini. Mwaka 1984 James March na Johan Olsen waliandika makala wakitaka taasisi zirudishwe kwenye kiti chake, na kilichofuata kikaitwa utaasisi mpya. Mwaka 1996 Peter Hall na Rosemary Taylor waliugawa katika matawi matatu, na mgawanyo huo ndio unaofundishwa hadi leo. Njia ya haraka ya kuyaelewa matawi hayo ni kuyarudisha kwenye lile faili la bahasha.

Tawi la uchaguzi wa kimantiki linauliza kila mtu anapata nini na anapoteza nini. Ofisa akizunguka maduka matatu anapoteza siku nzima na hapati shukrani. Akipokea karatasi tatu kwa mkupuo, kazi inakwisha saa nne asubuhi. Mkaguzi akichimba anajiongezea kazi na maadui. Hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kubadilika peke yake. Miwani hii inafaa pale ambapo watu wanajua wanachokitaka na mchezo unajirudia.

Tawi la kisosholojia linauliza mtu anadhani kipi kinamfaa mtu kama yeye mahali kama pale. March na Olsen waliita hili mantiki ya kinachostahili, tofauti na mantiki ya kupima matokeo. Kwa macho haya, faili lenye proforma tatu ni vazi: ofisi inavaa sura ya ofisi makini ili ikubalike. John Meyer na Brian Rowan waliliandika hili mwaka 1977, kwamba mashirika hubeba miundo rasmi kwa ajili ya kukubalika, huku kazi halisi ikienda kivyake. Mwaka 1983 Paul DiMaggio na Walter Powell wakaeleza kwa nini mashirika huishia kufanana: yanashurutishwa na wenye sheria au fedha, yanaiga wenzao pale yasipojua la kufanya, au yanaajiri wataalamu waliofundwa mahali pamoja. Ukikuta nchi ishirini zina sera zenye vichwa vya habari vilevile na hata aya zilezile, anzia kwa hawa wawili.

Tawi la kihistoria linauliza kanuni hii ilizaliwa lini, kwa ajili ya nani, na nini kimejengwa juu yake tangu hapo. Nitalirudia katika hatua ya sita. Baadaye Vivien Schmidt aliongeza tawi la nne linalotazama mawazo na mazungumzo, na linafaa pale ambapo vita ni vya maneno: jambo linaitwa haki, msaada au mzigo?

Ushauri wangu ni kuchagua miwani moja kuu na ya pili ya kusaidia. Anayevaa zote nne haoni mbele.

Hatua ya tano: chora njia ya uamuzi na vituo vya turufu

Chukua karatasi. Chora safari ya pendekezo kutoka linapoanzia hadi linapokuwa sheria au malipo. Kila mahali ambapo mtu au kikao kinaweza kusema "hapana" na safari ikaishia hapo, weka alama. Hivyo ni vituo vya turufu.

Mfano bora ninaoujua ni wa mtafiti wa siasa Ellen Immergut, aliyelinganisha siasa za bima ya afya Uswisi, Ufaransa na Uswidi. Kila mtu alidhani tofauti inatokana na nguvu za vyama vya madaktari. Immergut akaonyesha kwamba madaktari walizipinga programu za kitaifa katika nchi zote tatu, na hata hivyo matokeo yalitofautiana. Uswisi ina kura ya maoni: kundi lisiloridhika linaweza kuipeleka sheria iliyokwisha kupita bungeni mbele ya wapigakura, na mwaka 1900 sheria ya bima ya afya na ajali ilianguka hivyo. Ufaransa ya Jamhuri ya Nne (1946 hadi 1958) ilikuwa na bunge lisilotabirika, na huko ndiko wapinzani walikobisha hodi; katiba ya mwaka 1958 ilipoipa serikali nguvu zaidi, mlango ule ukafungwa. Uswidi ilikuwa na serikali yenye wingi thabiti bungeni, hivyo uamuzi uliokubaliwa na serikali ulikuwa umekwisha kuwa uamuzi. Madaktari wa Uswidi walikuwa na hoja na fedha. Walichokosa ni mahali pa kusimama.

Kwa hiyo usiandike "kundi hili lina ushawishi mkubwa" ukaishia hapo. Andika ushawishi huo unaingilia mlango gani, na mlango huo uliwekwa na kanuni ipi.

Hatua ya sita: rudi nyuma hadi kwenye njia panda

Maji yakimwagika hayazoleki, na sera nyingi zina siku yake ya kumwagika. Utegemezi wa mapito ndilo jina la nadharia hii: hatua ya mwanzo, wakati mwingine ndogo tu, hufanya hatua za kurudi nyuma ziwe ghali kadiri muda unavyokwenda.

Marekani inatufundisha vizuri. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ilidhibiti mishahara isipande, lakini michango ya mwajiri kwenye bima ikaachwa nje ya udhibiti huo. Waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaanza kutoa bima ya afya. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba michango hiyo haikatwi kodi kama mshahara. Uamuzi wa kuzuia mfumuko wa bei wakati wa vita ukawa msingi wa sekta nzima. Ulipofika mpango wa Rais Clinton wa bima ya afya kwa wote mwaka 1993, mamilioni ya familia yalikuwa na bima kazini, kampuni za bima zilikuwa zimekua, na kila mmoja alikuwa na cha kupoteza. Mpango ukafa mwaka uliofuata. Sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, ya mwaka 2010, ilipita huku ikiacha bima ya waajiri palepale ilipo.

Kosa la kawaida ni kusema "historia ina umuhimu" na kuacha hapo. Utegemezi wa mapito unadai vitu vitatu: onyesha njia panda ilikuwa lini, onyesha kulikuwa na njia nyingine iliyowezekana kweli siku ile, na onyesha utaratibu ulioifanya njia iliyochaguliwa ijiimarishe, iwe gharama zilizokwisha kuzama, mazoea au watu waliojengewa maslahi. Kikikosekana cha tatu, unachosimulia ni matukio tu.

Hatua ya saba: tazama mabadiliko yasiyopiga kelele

Si kila badiliko huja kwa sheria mpya. James Mahoney na Kathleen Thelen, mwaka 2010, walitaja namna nne: kanuni ya zamani huondolewa na mpya kuingia, kanuni mpya huwekwa juu ya ya zamani bila kuigusa, kanuni ileile hugeuzwa ifanye kazi nyingine, au kanuni huachwa vilevile wakati dunia inayoizunguka inabadilika.

Ya mwisho hiyo ndiyo inayowapita wengi. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Hakuna aliyekipunguza, lakini bei zimepanda kila mwaka, na sheria haina kifungu kinachokipandisha chenyewe. Anayetafuta "mabadiliko ya sera" kwenye kumbukumbu za bunge ataandika kwamba hakuna kilichotokea, ilhali mshahara huo umekuwa ukiliwa kimyakimya. Kwa hiyo ongeza swali hili kwenye daftari lako: ni nani anayenufaika kanuni hii isipoguswa?

Hatua ya nane: mpe mpinzani wako nafasi

Kabla hujaandika hitimisho, andika maelezo mengine yanayoweza kueleza jambo lilelile bila taasisi. Mara nyingi ni matatu: watu wabaya, fedha haba, au utamaduni. Kisha kwa kila moja, andika ungetarajia kuona nini kama lingekuwa kweli, uende ukatafute.

Kwa lile faili la bahasha, maelezo ya mpinzani yalikuwa wazi: ofisa ununuzi hakuwa mwaminifu. Kama hilo ndilo chanzo, akija ofisa mwingine mambo yatabadilika. Kama chanzo ni kanuni inayotumika, atakayekuja atajifunza kufanya vilevile. Nikarudi kwenye mafaili nikatazama saini badala ya bei. Katika kipindi nilichokuwa nakichunguza, maofisa watatu walikuwa wamepokezana kiti kile. Lile neno "bahahsa" lilikuwemo kwenye mafaili ya wawili wa kwanza. Ofisa wa tatu alimwacha yule muuzaji akatafuta mwingine, na huyo mpya naye alileta karatasi tatu kwa pamoja.